Dawa ya utitiri kwenye bangi ya nyumbani: nani anamlinda mtoto?

Katika miaka ya karibuni nchi kadhaa zimemruhusu mtu mzima kupanda bangi kidogo nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe. Kanada iliruhusu Oktoba 2018. Ujerumani ikafuata Aprili 2024. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani, likiwemo Colorado, ruhusa hiyo ni ya zamani zaidi. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zinaishi katika nchi hizo, tena nyingi ziko kwenye nyumba za kupanga, ambako chumba cha mpangaji mwingine na chumba cha watoto vimetenganishwa na ukuta mmoja tu.

Mjadala mkubwa umekuwa juu ya kuvuta: nani avute, wapi, na umri gani. Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Mmea unaokua ndani ya nyumba hushambuliwa na wadudu, na mwenye mmea hutafuta dawa. Mdudu anayesumbua kuliko wengi ni utitiri. Dawa anayopigwa utitiri huyo haibaki kwenye majani peke yake. Huingia kwenye hewa, kwenye zulia na kwenye nguo za nyumba ile ile anamolala mtoto wako.

Makala hii ni yako wewe mama, baba, bibi au mlezi mwingine unayeishi karibu na mimea hiyo, iwe ni ya mumeo, kijana wako, shemeji au jirani. Haikufundishi kupanda bangi, wala haikuhukumu. Inakueleza hatari iko wapi hasa, sheria imeishia wapi, na wewe unaweza kufanya nini leo.

Kwa ufupi:

- Utitiri wa mimea haishi kwenye mwili wa binadamu wala hauambukizi mtoto ugonjwa.
- Hatari kubwa ni dawa zinazopulizwa kumwua, hasa ndani ya chumba kisicho na hewa ya kutosha.
- Bangi ya dukani hupimwa mabaki ya dawa katika nchi kama Kanada. Ya nyumbani haipimwi na mtu.
- Kuna njia za kumwondoa utitiri bila sumu. Kwa mimea mitatu au minne, njia hizo zinatosha.

Utitiri huyu ni nani?

Ukisikia neno utitiri, huenda unakumbuka wale wadudu wa banda la kuku wanaopanda mikononi na kuwasha usiku kucha. Huyu ni mwingine. Wakulima wa nyanya wanamwita utitiri mwekundu. Ana miguu minane kama buibui, na urefu wake ni kama nusu milimita, kwa hiyo macho yanamwona kama nukta tu. Hukaa chini ya jani, hulitoboa na kufyonza maji yake. Juu ya jani hutokea vidoa vidogo vyeupe au vya manjano. Wakishakuwa wengi, hutanda utando mwembamba kati ya majani na matawi.

Hapendi binadamu. Hatakaa kichwani kwa mtoto, wala hasababishi upele. Kama mtoto wako anajikuna usiku, mpeleke akaangaliwe upele au kunguni, usiisingizie mimea. Jambo moja tu la kuangalia ni pumu. Watu wanaofanya kazi kwenye nyumba za vioo na mashamba yenye utitiri wengi wamewahi kupata mzio, mafua ya mzio na hata pumu kwa sababu ya wadudu hawa. Kwa hiyo mtoto mwenye pumu asiingie kwenye chumba cha mimea iliyoshambuliwa, hata kama hakuna dawa iliyopulizwa.

Kwa nini dawa haimmalizi

Mazingira ya bangi ya ndani ni kama yametengenezwa kwa ajili ya utitiri. Taa kali zinatoa joto, feni zinakausha hewa, hakuna mvua ya kumwosha, na hakuna wadudu wengine wa kumla. Kwenye joto la nyuzi 30 hivi, yai huweza kuwa utitiri mzima ndani ya wiki moja au zaidi kidogo, na jike mmoja anaweza kutaga mayai mia moja au zaidi katika maisha yake.

Sasa fikiria anachofanya mwenye mimea. Anaona vidoa, anapuliza dawa. Wale waliokuwa juu wanakufa. Waliojificha chini ya majani wanabaki, na mayai hayaguswi na dawa nyingi. Siku chache baadaye mayai yanaanguliwa, na mtu anasema dawa ile ilikuwa dhaifu. Ananunua kali zaidi, au anaongeza kipimo, au anachanganya mbili pamoja.

Tatizo si udhaifu wa dawa. Mdudu mwenyewe ni sugu. Wanasayansi waliposoma chembe zake za urithi na kuchapisha matokeo mwaka 2011, tayari utitiri huyu alikuwa ameripotiwa kuwa sugu kwa zaidi ya aina 90 za viuatilifu duniani. Wadudu wachache sana wamefikia hapo. Na kuna dawa, hasa zile za jamii ya pairethroidi zinazouzwa kwa ajili ya mbu na mende, ambazo humwongeza badala ya kumpunguza, kwa sababu huua wadudu wanaomla huku yeye akibaki.

Kwa hiyo, kila mara mtu anaporudia kupuliza, utitiri hubaki na sumu ndani ya nyumba huongezeka. Hapo ndipo suala la mimea linapogeuka kuwa suala la afya ya mtoto.

Sheria inapima ya dukani, ya nyumbani haipimwi

Tazama jinsi nchi zilivyojifunza. Mwaka 2015 maofisa wa afya wa mji wa Denver, Colorado, walizuia makumi ya maelfu ya mimea ya bangi katika mashamba ya ndani yaliyokuwa na leseni, kwa sababu ya viuatilifu. Novemba mwaka huo huo gavana John Hickenlooper alitoa agizo kwamba bangi yenye mabaki ya viuatilifu visivyoruhusiwa ihesabiwe kuwa tishio kwa usalama wa umma. Moja ya dawa zilizozua hofu ilikuwa maiklobutanili, dawa ya ukungu inayotumika kwenye zabibu. Ukila zabibu iliyopulizwa ni jambo moja. Dawa hiyo ikichomwa moto hutoa sianidi, ambayo ni sumu kali.

Kwa nini wakulima wale hawakuwa na dawa iliyoruhusiwa? Kwa sababu serikali kuu ya Marekani bado inaihesabu bangi kuwa haramu, na mamlaka yake ya mazingira, ambayo ndiyo huidhinisha viuatilifu, haijaidhinisha dawa kwa ajili ya bangi hiyo. Kila jimbo limejiwekea orodha yake.

Kanada nayo ilikuta maiklobutanili kwenye bangi ya matibabu ya wazalishaji wenye leseni, bidhaa zikarudishwa, na wizara ya afya ikaamua kwamba upimaji wa viuatilifu uwe wa lazima. Tangu mwaka 2019 bangi inayouzwa kihalali huko lazima ipimwe katika maabara. Hata hivyo kipimo si ngao kamili. Juni 2024 gazeti la Los Angeles Times lilichapisha uchunguzi ulioonyesha viuatilifu katika bidhaa za bangi zilizokuwa zikiuzwa kihalali California.

Sasa rudi nyumbani kwako. Sheria ya Kanada inaruhusu mimea minne kwa kaya moja, isipokuwa Quebec, ambayo imekataza, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikubali katazo hilo mwaka 2023. Ujerumani inaruhusu mimea mitatu kwa kila mtu mzima, na inamtaka mwenye mimea ahakikishe watoto hawawezi kuifikia. Hilo ni zuri. Lakini hakuna afisa anayekuja kuuliza mimea hiyo imepulizwa nini. Hakuna maabara. Kanuni ipo kwenye lebo ya dawa: nchini Kanada ni kosa kutumia kiuatilifu kinyume na lebo yake, hata sebuleni kwako. Ila kanuni isiyo na mkaguzi humtegemea mtu aliye ndani ya nyumba. Mara nyingi mtu huyo ni mama au mlezi, ambaye hakupanda wala hakununua dawa, na pengine hasomi vizuri lugha iliyoandikwa kwenye chupa.

Kwa nini mtoto huumia kabla ya mtu mzima

Kiasi kile kile cha dawa hakifanyi kazi sawa kwa baba mwenye kilo 80 na mtoto mwenye kilo 9. Mtoto huvuta hewa nyingi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake. Hutambaa sakafuni, mahali ambapo matone ya dawa hutua. Hutia mikono mdomoni mara nyingi kwa siku. Ini na figo zake bado zinakua, na ubongo wake uko katika miaka ya kujengwa. Ndiyo maana chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2012 kikitaka watoto waepushwe na viuatilifu kadiri inavyowezekana, na kikasema mgusano mdogo wa muda mrefu nao ni jambo la kuangaliwa, si sumu ya ghafla peke yake.

Kuna na njia ya moshi. Tunda huoshwa kabla ya kuliwa, ua la bangi halioshwi. Lina utomvu unaonata na kushika dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba bangi ikivutwa kwa kiko cha kioo kisicho na chujio, hadi karibu asilimia 70 ya mabaki ya dawa yaliyopimwa yalipita kwenye moshi. Mvutaji ndiye anayepata zaidi, lakini hakuna sababu ya mtoto kukaa ndani ya moshi huo.

Vitu vya kuangalia nyumbani

Chupa yenye lebo ya kilimo. Kuna dawa za utitiri zilizotengenezwa kwa mashamba makubwa, kama abamektini. Zinapouzwa kwa mkulima, zinaambatana na maagizo ya mavazi ya kujikinga na muda wa kukaa nje ya shamba. Ndani ya nyumba ni vigumu kukaa nje kila mara dawa inapopulizwa. Dawa ya shamba haina nafasi katika nyumba inayoishi watu.

Dawa iliyohamishwa. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, ya maji au ya juisi ni hatari namba moja kwa mtoto. Tabia hii tumetoka nayo nyumbani, ambako dukani unaweza kupimiwa kidogo kwenye chupa isiyo na jina. Mtoto haoni dawa. Anaona soda.

Vipande vya kuning'iniza vyenye diklovosi. Wengine huvitundika ndani ya hema la mimea. Hutoa mvuke wa sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu, mchana na usiku. Lebo yake nchini Marekani inakataza kuvitumia mahali watu wanapokaa zaidi ya saa nne kwa siku. Hema la kitambaa ndani ya chumba cha kulala halizuii mvuke.

Salfa inayochomwa. Salfa ikipata moto mwingi hutoa gesi inayobana kifua. Kwa mtoto mwenye pumu, hiyo inatosha kumpeleka hospitali.

Makopo ya kupuliza chumba kizima. Haya hujaza dawa kila mahali, pamoja na vitanda na midoli, na mengine yamewahi kulipuka yalipotumika karibu na moto. Utitiri chini ya majani hubaki salama.

Mafuta ya mwarobaini. Hapa wengi wetu huteleza. Mwarobaini tumeukuta kwa bibi zetu, na jina lake lenyewe linasema unatibu maradhi arobaini. Mafuta ya mbegu zake kweli hutumika kwa wadudu wa mimea. Lakini watoto wachanga waliopewa kunywa mafuta hayo, hata kwa kiasi kidogo, wamewahi kupata degedege na kuharibika ini. Kitu cha asili nacho hufungiwa juu, mbali na mtoto. Na mjamzito asiwe mpulizaji.

Namna ya kumwondoa utitiri bila kuitia nyumba sumu

Kama mwenye mimea ni mtu unayeweza kuzungumza naye, mpe njia hizi. Ni nafuu, na kwa mimea michache hufanya kazi vizuri kuliko kupuliza.

Kwanza, atupe ulioharibika. Mmea wenye utando umeshajaa mayai. Aufunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado chumbani, kisha autoe nje moja kwa moja. Kupoteza mmea mmoja ni bei ndogo kuliko kupambana miezi mitatu.

Pili, aoshe kwa maji. Maji ya kawaida yenye nguvu kiasi, yaelekezwe chini ya majani, kila baada ya siku mbili au tatu kwa muda wa wiki tatu. Kurudia ndiyo siri, kwa sababu kila safari unawakuta walioanguliwa kabla hawajataga. Majani ya chini yaliyozeeka yakatwe.

Tatu, apunguze joto. Taa isogezwe juu, chumba kipoe. Utitiri hupenda joto kavu. Lakini asijaze chumba unyevu kupita kiasi: ukungu ukiota ukutani, mtoto mwenye pumu ataumia kwa njia nyingine.

Nne, atumie adui wa utitiri. Kuna utitiri mwingine, Phytoseiulus persimilis, ambaye chakula chake ni huyu utitiri mwekundu. Huuzwa akiwa hai, humwagwa juu ya majani, huwala wenzake na mayai yao, na chakula kikiisha naye hufa. Haumi watu wala hali mimea. Hii si hadithi ya maabara. Nchini Kenya utitiri huyo hufugwa na kuuzwa, na mashamba ya maua humtumia kwenye mawaridi yanayosafirishwa Ulaya. Ukimtumia, usipulize dawa nyingine, maana utamwua mlinzi wako. Naye hahitaji hewa kavu sana.

Tano, sabuni maalumu ya kuua wadudu, kama lebo yake inaruhusu mimea ya ndani na mimea ya aina hiyo. Sabuni ya vyombo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Isipulizwe kwenye maua, na watoto wasiwe chumbani hadi kikauke na kupitishiwa hewa.

Mwisho, mimea ikishavunwa, chumba kikae kitupu kwa muda. Kuta, vyungu na feni vioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kupanda tena. Miche mipya itengwe kwa wiki mbili ikiangaliwa chini ya majani, kwani utitiri wengi huingia nyumbani na miche ya kupewa.

Na kama mimea imeshatoa maua, jibu ni moja: hakuna dawa ya kupuliza. Kitakachopulizwa hapo kitavutwa.

Maswali matano ya kuuliza

Kuanzisha mazungumzo haya si rahisi, hasa mmea ukiwa wa mumeo au wa mwenye nyumba. Usianze na bangi yenyewe, mtagombana. Anza na mtoto. Unaweza kusema: "Sitaki tubishane juu ya mimea. Nataka kujua tu kilichopulizwa mle ndani, kwa sababu ya mtoto." Kisha uliza:

1. Dawa gani imetumika, na chupa yake iko wapi? Piga picha ya lebo uiweke kwenye simu.
2. Ilipulizwa lini, na itapulizwa lini tena?
3. Hewa ya chumba kile inatokea wapi? Kama bomba linatolea hewa kwenye korido au chumba kingine, si salama.
4. Chumba kinafungwa kwa ufunguo?
5. Nguo na viatu vya mpulizaji vinavuliwa wapi? Nguo hizo zifuliwe peke yake, si pamoja na za mtoto.

Kama ni jirani na harufu ya dawa inaingia kwako, andika tarehe na saa, fungua madirisha ya upande mwingine, ziba nafasi chini ya mlango, na mjulishe mwenye nyumba kwa maandishi. Mtoto asilale kwenye chumba chenye harufu hiyo.

Ukiwa mjamzito au unanyonyesha

Usipulize, usikate majani yaliyopulizwa, usifue nguo za mpulizaji bila glovu. Baadhi ya viuatilifu hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Bangi yenyewe nayo madaktari wanashauri iachwe kabisa wakati wa mimba na kunyonyesha, kwa kuwa THC, kiini chake kinacholevya, hupita kwenye kondo na kwenye maziwa. Kama uligusa dawa kwa bahati mbaya, oga kwa sabuni, badili nguo, kisha endelea kunyonyesha na umweleze mkunga au daktari.

Dalili za kumpeleka mtoto haraka

Dawa hazifanani, lakini angalia haya: mate mengi, jasho, kutapika au kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo sana au kubwa sana, kikohozi na kubanwa kifua, kuyumba, usingizi usio wa kawaida, kutetemeka au degedege.

Fanya hivi:

- Akiwa amezimia, ana degedege au anapumua kwa shida, piga 911 Marekani na Kanada, au 112 Ujerumani. Usisubiri.
- Dawa ikiwa kwenye ngozi, mvue nguo zote na umwoshe kwa maji na sabuni kwa dakika 15.
- Ikiwa machoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20.
- Ikiwa amevuta hewa yenye dawa, mtoe nje kwenye hewa safi.
- Ikiwa amemeza, usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta wala mkaa. Maziwa hayavunji sumu kama tulivyozoea kuambiwa, na baadhi ya sumu huingia mwilini haraka zaidi pamoja na mafuta. Piga simu kituo cha sumu uelekezwe: Marekani 1-800-222-1222, Kanada 1-844-764-7669, Berlin 030 19240.
- Nenda na chupa au picha ya lebo.

Unapopiga simu Marekani au Kanada, sema neno "Swahili" na uombe mkalimani.

Daktari mwambie yote: kuna mimea, kuna dawa, na kama kuna keki au pipi za bangi ndani ya nyumba. Nchini Marekani taarifa za watoto chini ya miaka sita waliokula vyakula vyenye bangi, zilizofika kwenye vituo vya sumu, zilipanda kutoka 207 mwaka 2017 hadi 3,054 mwaka 2021. Usingizi wa bangi na usingizi wa kiuatilifu hufanana kwa nje, na matibabu yake hayafanani. Mficha uchi hazai. Dakika ya aibu inaweza kumgharimu mtoto.

Neno kuhusu karatasi zako

Kama ukaaji wako au uraia wako bado unashughulikiwa, jua kwamba ruhusa ya jimbo la Marekani si ruhusa ya serikali kuu. Mwaka 2019 idara ya uhamiaji ya Marekani ilieleza kwamba kujihusisha na bangi, hata kwenye jimbo linaloiruhusu, kunaweza kumzuia mtu kupata uraia. Nyumba zinazolipiwa sehemu ya kodi na serikali kuu nazo haziiruhusu. Muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kukubali mimea iwekwe kwenye nyumba yenye jina lako. Hilo lisikuzuie kumpeleka mtoto hospitali. Kazi ya kituo cha sumu ni kuokoa maisha.

Kenya, Tanzania na Uganda kupanda bangi nyumbani ni kosa la jinai. Lakini utitiri yupo, tena sana, kwenye nyanya, maharage na mboga za bustani. Dawa nyingi ni zile zile. Kwa hiyo kama mama yako kijijini au dada yako mjini ana bustani nyuma ya nyumba, mpe maneno haya haya: aoshe majani kwa maji, ang'oe lililoshambuliwa, asihamishie dawa kwenye chupa ya soda, na afuate siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuchuma mboga ya watoto.

Uanzie wapi leo

Sheria mpya zimehesabu mimea na kutaja umri. Kilichomo kwenye chupa ya kupulizia zimemwachia mwenye nyumba. Leo tafuta chupa hiyo na upige picha lebo yake. Ifungiwe juu kwa ufunguo. Hifadhi namba ya kituo cha sumu kwenye simu yako, na uibandike mlangoni mwa friji ili hata mtoto mkubwa au yaya aione. Kisha keti na mwenye mimea, mwonyeshe ile njia ya maji ya siku mbili au tatu. Atakayekataa kuosha majani minne kwa ajili ya mtoto hana mimea ya kuwekwa ndani ya nyumba yenye mtoto.